Mutoto Asiyelia

Riziki, Klaksoni wa nyumba hii,

Umetoka ukifunga mulango kwa nguvu mpaka mufuniko wa sufuria ukaanguka. Aksanti. Najua umeenda kumuaga shangazi yako, na najua utakaa kule mpaka hasira ikupoe, juu hasira yako naijua, niliizaa mimi mwenyewe. Basi nimepasua karatasi za katikati katika daftari lako la zamani la shule, nimekaa mezani. Ningekuambia haya kwa mudomo, lakini leo mudomo wangu ukifunguka unatoa ugomvi tu.

Kukaa kwenyewe sikai. Naandika mustari mumoja, naamuka kuangalia maharagi. Narudi, naandika mwingine, naenda kuangalia kama mvua inashuka mulimani. Haishuki. Baba yako iko inje anafunga mizigo yako na mupira wa pikipiki. Anafunga, anafungua, anasema haikukaza. Nimemuambia, huyu mutoto haendi na mbuzi, anaenda na nguo. Akanijibu, "Mama Amani, kaa chini." Kila muntu wa nyumba hii ananiambia nikae chini.

Sitakuandikia juu ya sweta, wala juu ya chakula cha njiani, wala vijana wenye pikipiki. Ulikaa Goma ukisoma uganga, hukufa. Nakuandikia juu ya lile neno la asubuhi.

Ulikuja jikoni, ukanishika mukono. Mimi mujinga nikafikiri unanishika kwa mapendo, juu kesho unaenda. Kumbe unahesabu mapigo! Macho yako iko kwa saa, midomo inatembea polepole.

"Mama, moyo wako inakimbia."

"Inakimbia juu ya wewe unaenda."

"Hapana. Miezi hii yote sikuwa naenda fasi yoyote na ilikuwa inakimbia. Umekonda, kikwembe cha kiunoni sasa unafunga na kamba. Chai unaimwanga. Usiku unatupa blanketi, na hapa ni Mweso, watu wanalala na makoti. Na hii shingo yako, Mama, hii shingo."

Ukaigusa. Shingo hii nimekuwa nayo tangu nikiwa musichana. Kwetu milimani rovu halikuwa ugonjwa. Wamama wote walikuwa na uvimbe huo wa shingo, mwingine mudogo, mwingine kama limao, na vijana walisema shingo yenye kujaa ni shingo ya muke mwenye chakula. Baba yako mwenyewe aliniimbia juu ya shingo hii. Nami nikakuambia, acha shingo ya baba yako.

Hukucheka. Ukasema gari ya ekipe yenu, kundi lenu la waganga, inashuka Goma kesho asubuhi na chupa za damu, na kama nakupatia damu yangu kidogo tu, labo itaangalia homoni za ile tezi ya shingo, itasema kama ni hiyo njo inayonikimbiza moyo hivi. Nikakujibu, "Damu yangu walikwisha kuibeba zamani." Ukasema, "Basi kama hutoi, kesho sipandi ile pikipiki. Wamutafute muntu mwingine wa kwenda kupima wamama na watoto wa Ntoto." Na mimi nikakuambia lile neno ambalo sitaliandika hapa, njo mulango ukafungwa.

Nimeamuka tena. Maharagi bado.

Riziki, damu iliyobebwa unaijua kwa juujuu. Nimekuwa nakuambia kidogokidogo, kila mara kipande, na kila mara nikikasirika naacha. Leo nisikilize mpaka mwisho.

Tulikuwa tumekimbia vita, tumeacha mashamba mulimani, tumekuja kambini karibu na paroisse, kwa kanisa la mapadri. Nilikuwa na mimba ya kaka yako. Kila familia ilipewa beseni moja, na beseni hilo ulifulia, ulioga, ulipikia unga, na ukitaka kuloweka mihogo, uliloweka humohumo. Unajua mihogo yetu, ile yenye uchungu. Nyanya yako, mama ya baba yako, alikuwa anasema muhogo unalala ndani ya maji mpaka wenyewe useme umechoka. Usiku wa kwanza bado uko mugumu. Usiku wa pili unaanza kulegea. Usiku wa tatu unaingiza kidole, kinaingia, maji yananuka, basi unatoa, unaanika. Kule mulimani tulikuwa na kijito na shimo la kulowekea. Kambini tulikuwa na beseni na watu tisa wanaongoja kula.

Nikaloweka usiku mumoja. Asubuhi nikatwanga vilevile, mugumu, nikakausha juu ya bati, nikasonga bugali. Nilikuwa wa kwanza kambini kufanya hivyo na nilijiona mwenye akili! Wamama walikuja kuniuliza namna gani kwangu moshi unapanda wakati kwao bado wanangoja. Nikawafundisha. Nyanya yako alitema lile tonge. Akasema, "Mutoto wangu, huu muhogo haukuchoka." Nikamujibu vibaya. Nikamuambia maneno ya shimo la kulowekea aende akawaambie waliotufukuza mulimani.

Na chumvi. Chumvi ya duka, ile wafanyabiashara wa Butembo walikuwa wanaleta na malori, ilifika kambini ya kijivu, na vumbi. Wewe unanijua na usafi wangu. Nilikuwa naiosha! Namwanga maji ya kwanza, naianika juu ya moto kwenye uchanja ikauke, inarudi nyeupe, nafurahi. Miaka mingi baadaye ukaja kunieleza kwamba ile dawa ya shingo wanayotia ndani ya chumvi, ile iyode, inaenda na maji na moshi, na kidogo inayobaki, sumu ya muhogo usiochoka inaizuia isifike shingoni. Nilikasirika, Riziki. Sikukukasirikia wewe. Nilikasirika juu kosa lingine ningeweza kulielewa, lakini kukosea kwa usafi!

Basi ekipe ikafika. Dokteri mumoja mwembamba, na wasaidizi wawili, na sanduku la baridi. Walituketisha wamama wenye mimba kwenye viti vya kanisa, wakatushika shingo, wakatoa damu. Wakasema wanataka kujua juu ya nini wamama wa milima hii wana marovu, na kama watoto tumboni wanapata taabu. Yule dokteri hakuwa muntu mubaya. Alinipa mukono kabla ya kunichoma, akaniuliza mimba ni ya ngapi. Nikasema ya kwanza. Akasema, "Mama, tutarudi na majibu mbele ya mutoto kuzaliwa."

Nilingoja. Kila gari iliyopiga kelele barabarani nilitoka. Baba yako alinicheka, akasema hata gari ya pombe unaikimbilia. Halafu barabara ikafungwa, risasi zikasikilika upande ule, na hakuna gari tena, ya pombe wala ya dokteri. Ekipe haikurudi. Unaniambia kila mara, "Mama, gari haikuweza kupita, hata wao waliumia." Sikatai. Lakini aliyeambiwa "ngoja" hana mahali pa kuweka "haikuweza". Anaendelea tu kungoja.

Nimeenda inje kidogo. Baba yako amefungua tena mizigo.

Kaka yako akazaliwa. Alilia kidogo sana, sauti nzito kama ya muntu aliyelala, akanyamaza. Na hakulia tena. Yoo, Riziki! Hakuna muke kambini aliyekuwa na mutoto kama wangu. Watoto wa wengine wanalia usiku, risasi zinasikilika, mama zao wanawaziba midomo juu askari wasisikie. Wangu analala. Naenda kulima, namuweka chini ya muti, narudi, iko vilevile. Namuamusha mwenyewe anyonye. Watu wakasema, mutoto wa heshima, mutoto anajua kama kuna vita. Njo maana tukamuita Amani. Wewe ulifikiri tulimuita Amani juu tulikuwa tunaiomba. Hapana. Ni juu hakulia.

Nilijisifu. Nilipita kati ya mahema naye mugongoni na nilijisifu. Mama mumoja ambaye mutoto wake alikuwa analia kutwa akaniuliza mimi nakula nini. Nikamuambia ni malezi. Malezi! Mutoto wa wiki tatu.

Alikuwa wa baridi ukimugusa. Macho yake yalibaki ya manjano. Kitovu kilitoka inje. Ulimi ulikuwa mukubwa kwa mudomo, unachungulia. Kwenda choo, siku zinapita. Vyote hivyo niliviona, na macho yangu haya, na kwa kila kimoja nilikuwa na neno la kukifunika. Ulimi, anafanana na mujomba wake. Kitovu, kitaingia. Baridi, ni mulima. Mwaka ukapita hajakaa. Ukoo wa baba yako wakaanza kusema nilikula kitu kisicholiwa na mwenye mimba, ao kwetu kuna laana, aoe mwingine. Baba yako akawajibu, "Huyu mumoja tu ananipigia kelele hivi, mukiniletea wa pili nitalala wapi?" Wakacheka, yakaisha. Muntu yule anaenda kurukwa na akili juu ya mizigo yako leo, lakini siku ile alinisimamia.

Tulipofika Mweso hapa, nikamupeleka hopitali juu ya kikohozi. Munganga, mama mumoja mufupi, hakuangalia kikohozi. Aliangalia ulimi. Akaniuliza, "Huyu mutoto alikuwa analia akiwa mudogo?" Na mimi, Riziki, nikamujibu kwa majivuno. Nikasema, "Hata siku moja."

Akakaa chini. Akanishika goti. Hakunifokea, na ningependa angenifokea. Alinieleza polepole kwamba tezi ya shingo ya mutoto haifanyi kazi vizuri, na ni hiyo inayoamusha mwili na kichwa, na mutoto ambaye haikumuamusha hawezi kulia. Akasema kuna kidonge, kila asubuhi, maisha yote. Nikamuuliza kama atakuwa kama wengine. Akasema atatembea. Halafu akaandika karatasi.

Kaka yako akaanza kidonge. Wiki zikapita. Asubuhi moja mbele ya jua kutoka, nikasikia kelele ndani ya nyumba, nikaruka nikifikiri paka ameingia. Alikuwa kaka yako. Analia! Machozi, mikono juu, sauti yote. Na unajua mama yako alifanya nini? Nilimuambia, "Nyamaza, utaamusha watu." Akanyamaza. Alikuwa mutiifu sana. Sauti ile njo naisikiaga mpaka leo nikishindwa kulala, na tangu miezi hii nashindwa kulala kila usiku.

Halafu wewe. Wakati wa mimba yako yule mama munganga alinipa kapsuli ya mafuta yenye iyode, nikameza mbele yake. Ulitoka unapiga kelele mbele hata miguu haijatoka. Kelele ile! Jirani akapiga ukuta. Baba yako akasema hii ni klaksoni, honi ya lori la machimbo ya Mubi. Nililia mimi kuliko wewe, wakafikiri ni uchungu. Njo maana hatukukufundisha kunyamaza, na leo milango inapigwa.

Nimeangalia maharagi, yameiva. Nimetoa sufuria. Nimejiunguza kidogo, si kitu.

Nakumbuka uliporudi kutoka Goma mwaka wako wa kwanza wa shule. Hukusalimia muntu. Uliweka mufuko mulangoni, ukaenda moja kwa moja kwa Amani aliyekuwa anachagua maharagi, ukamushika shingo na vidole viwili, polepole, ukapiga magoti. Ukaniambia, "Mama, hii haikuwa laana. Kama wangejua mapema, wiki za kwanza tu, angesoma na mimi." Ulikuwa unalia. Na mimi nikakutuma maji kisimani. Ulienda ukilia na bidoni. Nilikutuma juu nilitaka ukae mbali kidogo, nilie pekee yangu. Ungekaa ningekushika, na tungelia pamoja, na ingekuwa vizuri zaidi. Hilo nalijutia.

Sasa unaenda kufanya kazi ya yule dokteri mwembamba. Utawaketisha wamama wa Ntoto kwenye viti, utawashika shingo, utatoa damu yao, na watoto wao wachanga utawachoma kisigino. Halafu mutashuka Mubi, kule ambako watu wa machimbo wanakula unga wa malori, na hakuna anayejua muhogo wake ulilala maji usiku ngapi. Nimekaa nawaza nikuambie nini juu ya kazi hiyo, na mimi sikusoma.

Ukikuta mama anajisifu kwamba mutoto wake halii, kaa chini. Acha kalamu. Mushike goti kama nilivyoshikwa. Atakuwa na furaha usoni, na utakuwa unaenda kumuvunja moyo, na hakuna namna nyingine, lakini fanya siku hiyohiyo. Usimuachie mwingine wa ekipe.

Na wale wanaotwanga muhogo usiochoka, mbele ya kuwaeleza, uliza beseni ziko ngapi kwa nyumba. Mimi walikuja wengi kunifundisha kuloweka. Nilijua kuloweka mbele ya wao kuzaliwa. Hakuna aliyeniuliza juu ya beseni.

Na ile "tutarudi". Ee mwanangu. Usiiseme kama hujui. Waambie, barabara ikifungwa sitafika, lakini nitatafuta simu, nitatafuta padri, nitatafuta muntu wa kubeba neno. Na jibu likiwa baya, lipeleke vilevile. Jibu zuri hata dereva anaweza kulipeleka.

Amani amekuja kusimama hapa mezani. Anataka nione tena. Tangu umutoe damu asubuhi, ya kuangalia kidonge chake, hajakubali kutoa ile pamba uliyomubandika. Amezunguka nayo kwa majirani wote. Mikono ya shati ameikunja mpaka juu, na baridi hii. Anakuja, ananiweka mukono mbele ya macho, anasema neno lake, "Iziki. Iziki." Halafu ananigusa mukono wangu mimi, hapa ndani ya kiwiko, anaangalia kama kuna pamba. Hakuna. Anashangaa. Amefanya hivyo mara nyingi leo, nimemufukuza, na anarudi tu.

Basi nikuambie ukweli, maana mutoto huyu haniachi.

Asubuhi nilisema damu yangu walikwisha kuibeba, na ukafikiri ni hasira ya zamani. Kweli hasira iko, na aliyeumwa na nyoka akiona ukamba anashituka. Lakini si hiyo, Riziki. Najua niko mugonjwa. Unafikiri sijui? Mimi njo ninafunga kamba ya kikwembe kila asubuhi, mimi njo najua imezunguka mara ngapi. Moyo ukikimbia usiku nauweka mukono juu, nauambia, ngoja, ngoja mutoto aende kwanza. Niliogopa jibu. Niliogopa jibu lifike, uone namba mbaya kwenye karatasi, na uvue lile koti jeupe ubaki hapa kunipikia uji. Nakujua. Ungebaki. Na wamama wa Ntoto wangekuwa wanangoja gari, na mutoto mumoja kule angekuwa analala vizuri sana chini ya muti, na mama yake anajisifu.

Nilikuwa nakuficha damu ili uende. Na wewe unakataa kwenda juu sitoi damu. Wapi! Wawili wapumbavu ndani ya jiko moja, na mwenye akili ni huyu wa pamba.

Kwa hiyo sikiliza. Nitatoa. Ukifika tu nitatoa, sitakungoja useme kitu. Lakini nitakuambia kwa mudomo pia, tupatane kama watu wazima. Damu yangu inashuka Goma na gari, na wewe unapanda pikipiki unaenda upande wako. Hakuna kungoja jibu hapa. Uliniambia mwenyewe kama ni ile unayodhani, dawa iko, na hapa Mweso kuna hopitali, kuna baba yako wa kunifungia hata vidonge na mupira. Jibu likikufikia kule Ntoto ao Mubi, panda juu ya kilima utafute reseau ya simu, unipigie. Wewe mwenyewe, na hiyo sauti yako. Likiwa zuri, piga kelele. Likiwa baya, piga kelele vilevile, usiniletee sauti ya polepole. Sitaki tena kitu chochote cha polepole katika nyumba hii. Halafu urudi kazini kwako.

Na kama barabara itafungwa, na reseau itakufa, na jibu halitanifikia, usijiambie Mama ana hasira. Safari hii najua aliyebeba damu yangu ni nani.

Barua hii naificha chini ya nguo zako, kama baba yako ataacha kufungua. Utaisoma ukiwa mbali, na haya yote yatakuwa yamekwisha kufanyika, na utacheka juu ulifikiri umenishinda wewe. Hukunishinda. Ni Amani.

Sasa nasikia kelele barabarani. Unagombana na muntu juu ya bei ya ndizi, mbele hata hujafika kwenye mukaratusi. Amani amekwisha kukimbia. Nimekunja mukono wa bluzi, wa kushoto, njo ule mushipa wake unaonekana. Nimekaa chini, Riziki. Njoo.

Mama yako